Sukari imeshuka, miguu inawaka moto: uzi wa maumivu ya neva yanayokuja kisukari kikianza kutulia

OfisaTabibu_Tororo

Ndugu zangu, nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo linalowafanya watu watupe insulini wakati ndiyo kwanza imeanza kuwasaidia.

Mtu amekaa miaka na sukari ya 18 au 20 (mmol/L), siku nyingine mashine inaandika HI tu, yaani imepita uwezo wake wa kusoma. Anaanzishwa insulini au anaongezewa vidonge. Sukari inashuka hadi 7 au 8, daftari linapendeza, nyumbani wanashukuru Mungu. Wiki ya nne hadi ya nane, nyayo zinaanza kuwaka kama amekanyaga makaa. Usiku ni mbaya zaidi. Shuka likigusa vidole anashtuka. Wengine wanachomwachomwa kama kwa sindano hadi magotini, wengine mpaka tumboni na mikononi. Jirani anasema, "Si tulikuambia insulini inaua?" Mgonjwa anaacha dawa, na hapo ndipo madhara yenyewe yanapoanza.

Hali hii inajulikana na ina historia ndefu. Mwaka 1933 daktari wa Marekani aitwaye Caravati alieleza habari za mgonjwa aliyepata maumivu makali ya neva baada ya kuanza insulini, na kwa miaka mingi madaktari waliiita ugonjwa wa neva wa insulini. Jina hilo lilipotosha. Maumivu yaleyale huwapata watu wanaotumia vidonge peke yake, hata walioshusha sukari kwa chakula tu. Kinacholeta taabu ni kasi ya kushuka, si dawa iliyoishusha.

Mwaka 2015 Gibbons na Freeman wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 954 waliofika kwenye kliniki yao kwa ajili ya neva za kisukari. Wagonjwa 104, karibu asilimia 11, walikuwa na hali hii. Kigezo chao ni chepesi kukumbuka: HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha kwa asilimia wastani wa sukari wa miezi michache iliyopita) imeshuka nukta 2 au zaidi, mfano kutoka asilimia 12 hadi 10, ndani ya miezi 3, na maumivu ya neva (au dalili za neva za ndani kama kizunguzungu cha kusimama) yameanza ndani ya wiki 8 tangu sukari ishuke. Walioshuka nukta 2 hadi 3 kwa miezi 3, mmoja kati ya watano alipata shida. Walioshuka zaidi ya nukta 4, zaidi ya wanne kati ya watano. Ile ilikuwa kliniki ya rufaa, kwa hiyo msizichukue namba hizo kama zilivyo mkaziweka kwa kila mgonjwa wa kijijini. Mwelekeo wake ndio wa kushika: kadiri sukari inavyoporomoka haraka, ndivyo neva zinavyolia.

Mtaitofautishaje na ganzi ya kawaida ya kisukari? Ganzi ya kawaida huja polepole kwa miaka, mara nyingi kwa miguu kufa hisia, na huenda na sukari iliyobaki juu. Hii huja kwa siku au wiki chache, kwa maumivu makali, na kwenye daftari unaona sukari imeanguka kabla yake. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mgonjwa anayelia miguu liwe: "Miezi 3 iliyopita sukari yako ilikuwa ngapi?"

Mlezi_Bombo

Asante musawo. Hapo mimi nakwama. Sukari ya juu ndiyo inayoharibu neva, tumeambiwa miaka yote. Sasa ikishuka zinauma. Neva zinataka nini?

OfisaTabibu_Tororo

Swali zuri, Mlezi. Nyuzi zinazobeba maumivu, joto na baridi ni nyembamba kuliko zote, na zinalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Miaka ya sukari ya juu imeshaiharibu mishipa hiyo na nyuzi zenyewe. Nyuzi nyingine zimekufa, nyingine zimenyamaza. Sukari ikianguka ghafla, kunatajwa mambo kadhaa yanayoweza kutokea pamoja: damu inapita njia za mkato na neva inakosa hewa ya kutosha, nyuzi zilizozoea glukosi nyingi zinapungukiwa nishati kwa muda, na nyuzi zinazojaribu kuchipuka upya zinatoa ishara za maumivu bila sababu. Kwa hiyo uharibifu ulikuwepo tangu zamani. Mshtuko wa kushuka ndio umeupa sauti.

Basi kasi iwe ipi? Kila nukta moja ya HbA1c ni sawa na takriban 1.6 mmol/L ya wastani wa sukari. HbA1c ya 12 ni wastani wa kama 16.5. Ya 10 ni kama 13.4, ya 8 ni kama 10.2, ya 7 ni kama 8.6. Ukitaka kushuka chini ya nukta 2 kwa miezi 3, wastani wako usishuke zaidi ya kama 3 mmol/L katika muda huo. Aliyekuwa kwenye 16 kwa miaka, mwezi wa tatu akiwa kwenye 13 amefanya vizuri. Simwiti mzembe, wala ninyi msimwite hivyo.

Kwa insulini ya usiku, mazoea ya wengi ni kuanza yuniti 10 na kuongeza 2 kila siku 3 mpaka sukari ya asubuhi ifike inapotakiwa. Kwa mtu mwenye HbA1c ya zaidi ya 10 kwa muda mrefu, hasa kama tayari ana ganzi au macho yana shida, naona ni busara kuongeza 2 kwa wiki, na akifika lengo la mwezi huo asimame hapo kwanza. Mabadiliko haya yafanywe na aliyekuandikia dawa, usijipunguzie mwenyewe.

Wapo ambao hawawezi kusubiri: mwenye ketoni (asidi inayojaa kwenye damu insulini ikikosekana), anayetapika na kupumua kwa kasi, mjamzito, mwenye maambukizi makali au kidonda kinachooza, anayekwenda kufanyiwa upasuaji, na mtoto au kijana aliyegunduliwa juzi kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Hao sukari ishushwe kama inavyotakiwa, na maumivu yakija yatatibiwa.

Muuguzi_Arua

Naongeza upande wa mashine na daftari, maana mipango mingi inavunjikia hapo.

Msitegemee HbA1c peke yake kujua kasi. Inasimulia habari za wiki 8 hadi 12 zilizopita, kwa hiyo maumivu yatakuwa yameshafika kabla ya karatasi ya maabara kukuonya. Tena hapa kwetu kipimo hicho hudanganya. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta takriban asilimia 13 wamebeba chembe ya selimundu (sikoseli) bila kuugua, na baadhi ya mashine za HbA1c huvurugwa na damu ya aina hiyo. Malaria iliyovunja damu, au kuongezewa damu, hukifanya kipimo kisome chini kuliko ukweli. Ukiona HbA1c imeanguka nukta 3 lakini sukari ya kidoleni iko palepale, amini kidole.

Kama stripu (vijiti vya kupimia) ni chache, pima siku tatu kwa wiki: asubuhi kabla ya kula, na saa mbili baada ya mlo mkubwa. Jumlisha zote za wiki, gawanya kwa idadi yake, andika wastani pembeni kwa wino mwekundu. Huo wastani ndio uangaliwe wiki hadi wiki. Mashine nyingine inasoma mg/dL: gawanya kwa 18 upate mmol/L. Kuna watu walioogopa 140 wakidhani ni balaa, kumbe ni 7.8.

Na kuna mtego mwingine. Mwili uliozoea 20 ukifika 8 unatetemeka, unatoka jasho, moyo unakimbia, mtu anaapa kwamba sukari imeisha. Pima kabla ya kunywa chochote. Ikiwa chini ya 4.0, hiyo ni kweli: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa 6 au 8, kaa chini, kunywa maji, kula kama ni wakati wa kula. Usinywe soda. Baada ya wiki chache mwili unazoea. Wanaokosea hapa hupandisha sukari hadi 17 saa moja na kuiangusha hadi 6 saa nyingine, na neva hazipendi bembea hiyo hata kidogo.

Kama huna mashine na unatetemeka, kunywa hiyo sukari. Bora kukosea upande huo.

Lishe_Kasese

Chakula kinaweza kuangusha sukari kuliko dawa, na watu hawakihesabu. Siku ile anayoanzishwa insulini, mgonjwa anatoka kliniki na hofu. Anaacha posho, anaacha matooke, anaacha muhogo, soda na chai ya sukari, anakula nakati (mboga ya majani) na mukene (dagaa) tu. Dozi ya insulini ilipangwa kwa mtu anayekula posho. Wiki mbili, sukari iko 5. Hapo mmeongeza kasi mara mbili, na mmemweka kwenye hatari ya sukari kuisha usiku.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Anzia na vinywaji vitamu, lakini mwambie mhudumu wako siku unayoviacha, hasa kama ulikuwa na soda mbili au tatu kwa siku, ili dozi itazamwe. Baada ya wiki mbili punguza wanga wa sahani kwa theluthi moja. Baada ya wiki mbili nyingine fikia kipande cha posho au kalo (ugali wa ulezi) kinacholingana na ngumi yako, mboga nusu sahani (dodo, nakati, boo, sukuma wiki), na samaki au maharage robo iliyobaki. Binyebwa (mchuzi wa karanga) ni nzuri lakini ina mafuta mengi, vijiko viwili vikubwa vinatosha.

Anayetaka kufunga, awe wa Ramadhani au wa maombi ya siku tatu, na yuko miezi ya mwanzo ya insulini, azungumze kwanza na kliniki. Waragi iacheni kabisa kipindi hiki. Pombe yenyewe inaua neva, na pia inaangusha sukari usiku ukiwa umelala.

Boda_Jinja

Kwa hesabu yenu, si rahisi basi kuirudisha sukari juu kidogo maumivu yapoe? Watu wanafanya hivyo mtaani.

OfisaTabibu_Tororo

Najua wanafanya, na naomba usifanye hivyo ndugu yangu. Ukiirudisha hadi 18 unarudi kwenye kilichoua neva mwanzoni, pamoja na figo na macho. Kisha siku utakayoishusha tena, unaanguka upya na maumivu yanaweza kuanza upya. Wanaopandisha na kushusha mara kwa mara ndio wanaoteseka muda mrefu.

Kinachofaa ni kusimama ulipo. Kama umeshafika 9, kaa kwenye 8 hadi 10 kwa miezi miwili au mitatu bila kuvuta chini zaidi. Iwe tulivu, bila kuruka. Kama unapata sukari ya chini ya 4 mara kwa mara, dozi ni kubwa na lazima ipunguzwe. Huko ni kurekebisha kosa, si kurudi nyuma. Mwenye aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja, anaweza kufa kwa ketoni ndani ya siku chache.

Mfamasia_Busia

Tuje kwenye dawa, maana hapa pesa nyingi zinapotea.

Diklofenaki, ibuprofeni na sindano za kuchoma matakoni hazifanyi kazi kwa maumivu haya. Zimetengenezwa kwa uvimbe, na neva inayopiga kelele haina uvimbe wa kutuliza. Kinachobaki ni madhara yake kwenye figo ambazo kisukari kimeshazichosha. Mbaya zaidi ni vile vifuko vya dawa za mchanganyiko vya "maumivu ya mwili mzima". Baadhi vina deksamethasoni au prednisoloni. Siku mbili utasikia nafuu, siku ya tatu sukari ni 25. Ukipewa vidonge visivyo na jina, usimeze.

Zinazosaidia ni zile zinazotuliza neva yenyewe. Amitriptilini ndiyo nafuu kwa bei na inapatikana hata vituo vidogo. Vidonge vingi ni vya miligramu 25. Anza nusu kidonge saa mbili usiku, si wakati wa kulala, ili uzito wa asubuhi upungue. Baada ya wiki moja fikia kidonge kimoja. Wengi wanatulia kwenye 25 hadi 50, na mara chache inahitajika 75. Kinywa kitakauka, choo kitakuwa kigumu, ukisimama ghafla utaona giza. Haifai kwa mwenye moyo unaoruka mapigo au aliyepata shambulio la moyo karibuni, mzee mwenye tezi dume inayobana mkojo, na mwenye presha ya macho ya aina ya pembe iliyofunga. Ifungie kabatini: vidonge vichache vinaweza kumuua mtoto.

Gabapentini ya 300: kapsuli moja usiku kwa siku 3, kisha asubuhi na usiku kwa siku 3, kisha mara tatu kwa siku. Hiyo ni 900, na wengi wanaacha hapo wakisema haifanyi kazi. Nafuu mara nyingi inakuja kwenye 1800. Lakini pima kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) kwanza, maana dawa hii yote inatoka kwa figo. Figo zikiwa dhaifu, dozi ya kawaida inamlewesha mtu mpaka anaanguka. Pregabalini ni ndugu yake: 75 usiku kwa siku chache, kisha 75 mara mbili, na figo ziangaliwe vilevile. Zote mbili zisichanganywe na pombe wala tramadoli (dawa kali ya maumivu), zinaweza kupunguza pumzi usingizini. Zote zinaweza kuvimbisha miguu. Duloksetini, ukiipata, ni 30 kwa wiki moja baada ya chakula, kisha 60. Isitumiwe na mwenye ini bovu au mnywaji.

Kosa kubwa ni haraka. Madhara yanaonekana siku ya kwanza, faida wiki ya pili hadi ya nne. Mtu anameza siku nne, anaona usingizi tu, anaacha, anakwenda duka lingine. Kaa na dawa moja kwenye dozi kamili kwa wiki 4 ndipo useme imeshindwa. Ikisaidia nusu, ongeza ya kundi lingine kwa dozi ndogo, usiitupe ya kwanza. Na lengo ni kulala na kutembea. Maumivu yakishuka kutoka 9 hadi 5 kwa kumi, dawa inafanya kazi.

Krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075 hupakwa mara 3 hadi 4 kwa siku kwenye ngozi isiyo na kidonda. Wiki ya kwanza inachoma zaidi, ndivyo ilivyo. Nawa mikono kwa sabuni, usiguse macho. Kusugua pilipili mbichi si sawa na krimu hiyo, utaunguza ngozi isiyosikia.

Mlezi_Bombo

Na vitamini B? Kila duka wanasema ndiyo dawa ya neva.

Mfamasia_Busia

Inategemea, Mlezi. Aliyekunywa metfomini (kidonge cha kisukari) miaka mingi anaweza kweli kupungukiwa B12, na upungufu huo unaleta ganzi na kuwaka unaofanana kabisa na huu. Apimwe, au kama kipimo hakipatikani apewe B12 kwa ushauri wa daktari, kwa sindano au vidonge. Hiyo inatibika, ni aibu kuiacha.

Lakini vidonge vya mchanganyiko wa B angalia B6 ndani yake. Vingine vina miligramu 100 hadi 200 kwa kidonge kimoja. Ukimeza vitatu kwa siku kwa miezi, B6 yenyewe inaharibu neva za miguu. Unatibu ganzi kwa kitu kinacholeta ganzi.

Swali_Gulu

Shikamooni wataalamu. Na mtu aliye kwenye ARV, pamoja na kisukari, afanyeje?

Mfamasia_Busia

Marahaba. Hapo ni pa kuwa makini kweli.

Dolutegraviri iliyomo kwenye kidonge cha kila siku kinachotumiwa na wengi hapa Uganda huongeza kiasi cha metfomini kwenye damu. Metfomini isizidi miligramu 1000 kwa siku. Mtu aliyekuwa kwenye 2000 akahamishiwa dawa hiyo bila kurekebishiwa, anapata kichefuchefu, kuhara, na sukari inaweza kushuka kwa kasi kuliko ilivyopangwa. Kama maumivu yameanza wiki chache baada ya kubadilishiwa ARV, sema hivyo kliniki.

Kabamazepini hutolewa sana kwa maumivu ya neva kwa sababu ipo na ni rahisi. Inapunguza nguvu ya dolutegraviri, na virusi vinaweza kuamka. Mwambie mhudumu unatumia ARV kabla hajakuandikia. Amitriptilini na gabapentini hazina ugomvi huo.

Mwenye dawa za kifua kikuu: isoniazidi inakula neva kama hupewi piridoksini, kawaida miligramu 25 kwa siku. (Ndiyo, ni ile B6 niliyoisema vibaya hapo juu. Kwa kiasi hiki na kwa sababu hii ni lazima.) Rifampisini, dawa nyingine ya kifua kikuu, nayo inapunguza nguvu ya glibenklamidi (kidonge cha kisukari) na sukari inapanda. Siku unapomaliza rifampisini, vidonge vinapata nguvu tena na sukari inaporomoka. Pima kila siku kwa wiki mbili za kwanza baada ya kuimaliza.

Miguu_Kwanza

Dawa zimeelezwa vizuri. Mimi nina neno la kitanda na viatu.

Tafuta boksi gumu la karatasi, la sabuni au la maji ya chupa. Kata pande mbili zinazotazamana, ligeuze liwe kama daraja, liweke upande wa miguu chini ya shuka na blanketi. Miguu inakaa chini ya daraja, hakuna kitambaa kinachoigusa. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro kisilalie vidole. Soksi ziwe laini za pamba, zivaliwe ndani nje ili mishono isikwaruze. Ajabu ni kwamba wengi wenye kuumia kwa mguso mwepesi wanapata nafuu kwa mgandamizo wa sawasawa, kwa hiyo soksi iliyoshika kidogo, isiyobana, ni bora kuliko mguu wazi.

Maji ya kawaida ya bombani, dakika 10, halafu kausha vizuri hadi katikati ya vidole. Barafu hapana. Maji ya moto hapana. Kuweka miguu karibu na sigiri hapana kabisa. Mguu unaouma hivi mara nyingi haujui joto: unasikia moto ambao haupo na hausikii moto uliopo. Maji yapimwe kwa kiwiko, au kwa mkono wa mtu mwingine.

Jipimeni wenyewe nyumbani. Mgonjwa afumbe macho. Mwenzake aguse kwa ncha ya kidole cha mkono, kwa wepesi kama unyoya, sekunde moja hadi mbili, kidole gumba, cha katikati na kidogo cha kila mguu. Ni sehemu sita. Asiposikia mbili au zaidi kati ya hizo sita, miguu iko hatarini na ionwe kliniki. Usisukume wala usirudie, kurudia kunamfundisha kujibu.

Viatu: ndala na lugabire (kandambili za tairi) zinaacha vidole wazi kwa mawe na miiba. Kiatu kilichofunika, chenye nafasi ya upana wa kidole mbele. Gambutsi (buti za mpira) za shambani zivaliwe na soksi, na zikung'utwe kila mara kabla ya kuvaa. Funza watolewe na mtu mwenye kifaa safi kituoni, si kwa pini ya nyumbani.

Kutembea kusiachwe. Dakika 10 mara tatu kwa siku baada ya chakula zinatosha kuanzia. Mguu ukiuma sana, mazoezi ya kukaa kwenye kiti: inua kisigino, inua vidole, mara 15 kila mguu.

Muuguzi_Arua

Kuna neva za ndani pia, nazo zinaguswa na kushuka kwa kasi. Mtu anasimama asubuhi anaona giza. Apimwe presha akiwa amelala dakika 5, kisha amesimama dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ndiyo hiyo. Inueni upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali, sentimita 10 hadi 20. Akae ukingoni dakika mbili kabla ya kusimama, anywe maji ya kutosha, asioge maji ya moto. Na mwambieni mfamasia kabla hajaandika amitriptilini, kwa sababu inalizidisha tatizo hili.

Macho: utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, DCCT, uliotangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba baadhi ya walioshusha sukari kwa nguvu macho yao yalizorota kidogo mwanzoni, ingawa baada ya miaka walikuwa wameokoa macho kuliko wenzao. Kwa hiyo mwenye HbA1c ya juu sana atazamwe nyuma ya jicho kwa dawa ya kupanua mboni kabla au mapema baada ya kuanza, na arudie ndani ya miezi michache. Ukungu wa kuona unaokuja wiki za kwanza mara nyingi ni lenzi inayobadilika na sukari. Usinunue miwani mpaka sukari ikae sawa kama wiki 6, utatupa pesa.

OfisaTabibu_Tororo

Asante Muuguzi. Naweka na zile za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, msisingizie sukari kushuka: mguu mmoja umevimba, mwekundu na wa moto kuliko mwingine hata bila kidonda (mfupa unaweza kuwa unavunjikavunjika ndani, usiukanyagie), paja la upande mmoja linauma na mguu unaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri pamoja na mkojo kufunga, kuzimia, kidonda chenye harufu au homa. Maumivu tunayoyazungumza hapa ni ya pande zote mbili, na nguvu za misuli zinabaki.

Boda_Jinja

Nimeelewa, sitashauri tena mtu apandishe. Sasa yanaisha lini?

OfisaTabibu_Tororo

Miezi, si wiki. Sukari ikibaki tulivu, wengi wanaanza kuona usiku unapungua makali kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na maumivu kwa kawaida yanatulia ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Vijana wenye aina ya kwanza mara nyingi wanapona vizuri zaidi. Mwambie mgonjwa ukweli huo siku ya kwanza. Aliyeambiwa "wiki mbili" ataacha dawa wiki ya tatu. Na kama anasema hataki kuishi na maumivu haya, hilo lichukuliwe kwa uzito uleule wa kidonda: asilale peke yake usiku huo, vidonge vishikwe na mtu mwingine, na apelekwe kituoni.

Mlezi_Bombo

La mwisho kwangu. Maumivu yakiisha, vidonge vinaachwa siku hiyo?

Mfamasia_Busia

Hapana, Mlezi. Subiri mwezi mzima bila maumivu ya kukuamsha usiku, kisha uanze kushuka pamoja na aliyekuandikia. Aliye kwenye gabapentini 1800 apunguze kapsuli moja ya 300 kila wiki, aanze na ya mchana. Pregabalini ipunguzwe kwa angalau wiki moja, na ukichukua wiki tatu ni bora. Amitriptilini nusu kidonge kila wiki mbili. Ukikata ghafla utapata jasho, kukosa usingizi na wasiwasi, na utadhani ugonjwa umerudi. Moto ukirudi kweli katikati ya kushuka, panda ngazi moja, kaa mwezi, jaribu tena. Insulini haimo katika hesabu hiyo ya kupunguza, hiyo inaendelea.